Amana ya Moto na Chuma: Kazi ya Mhifadhi wa Tarehe ya Roketi, Itazamwavyo kutoka Brussels

Siku ya tarehe 14 Aprili 1958 chombo cha Kirusi kilichoitwa Sputnik 2, kilichokuwa kikiizunguka dunia tangu Novemba ya mwaka uliotangulia na ndani yake umo mzoga wa mbwa Laika, kilizidiwa na ukinzani wa hewa, kikashuka, kikaungua, kikatoweka. Siku ya tarehe 17 ya mwezi huo huo yalifunguliwa katika uwanda wa Heysel, upande wa kaskazini ya mji wa Brussels, Maonyesho Makuu ya Dunia, ambayo hata yalipofungwa mwezi wa Oktoba yalikuwa yamekwisha kuhudhuriwa na watu zaidi ya milioni 41. Na katika jumba la vioo na chuma la Urusi ya Kisovieti, miongoni mwa vitu vilivyowakusanya watu makundi kwa makundi, vilikuwamo chombo hicho cha Sputnik na ndugu yake wa kwanza, ule mpira wa madini wenye upana wa sentimita 58 na uzito wa kilo 83.6, uliorushwa tarehe 4 Oktoba 1957 na ambao nao ulikuwa umeungua tangu Januari.

Basi watu wale walitazama nini? Walitazama nakala. Wala nakala ile haikuwa uongo, kwani vyombo vyenyewe havikuwako tena wala havikuwa na marejeo. Lakini nakala nayo ni kitu chenye asili yake na habari zake: nani aliiunda, katika karakana ipi, kwa michoro ile ile ya asili au kwa kukisia, na mitambo ndani au ganda tupu, na maonyesho yalipokwisha ilichukuliwa ikapelekwa wapi. Mtu wa kawaida hupita mbele ya chombo kama hicho akastaajabu, na staajabu yake ni halali. Yuko hata hivyo mtu mmoja ambaye hana ruhusa ya kustaajabu kabla hajauliza maswali hayo yote na kuyaandika majibu yake katika daftari, naye ndiye mhifadhi wa makumbusho aliyejifunga na tarehe ya roketi na ya safari za anga.

Kazi hiyo ni changa katika dunia, na watu waifanyao ni wachache. Nimependa kuieleza kwa kusimama Brussels, mji ambao haurushi roketi, kwa sababu katika mji huu habari za roketi hazikuwekwa chini ya dari moja, bali zimetapakaa baina ya nyumba nyingi: Makumbusho ya Kifalme ya Jeshi katika bustani ya Cinquantenaire, Makumbusho ya Elimu ya Viumbe na Madini ambamo mna vipande vya mwezi, jumba la falaki la Heysel, Taasisi ya Elimu ya Hewa za Juu kule Uccle, Chuo Kikuu Huria, na makabati ya karatasi ya wizara mbalimbali. Na mwenye kazi hii, popote alipo, aghalabu hukuta mambo hivyo hivyo. Kwamba vitu vimetawanyika, na waliovijua wamekufa au wamezeeka, na yeye ameamrishwa avirejeshee nasaba yake.

Nasaba ndiyo roho ya kazi. Chukua mfano wa mawe ya mwezi. Baada ya safari ya Apollo 11 mwaka 1969 na ya Apollo 17 mwaka 1972, serikali ya Marekani iliyapa mataifa mengi hidaya ya chembe na vipande vidogo vya mwezi, vimefungwa katika mpira mgumu wa kupitisha nuru na kupigiliwa juu ya ubao pamoja na bendera ya taifa lililopewa. Na Ubelgiji imeviweka vyake Brussels. Majirani zake wa Uholanzi nao, katika jumba la Rijksmuseum la Amsterdam, walikuwa wakitunza jiwe lililosemwa kuwa la mwezi, lililotoka katika mali ya marehemu waziri mkuu Willem Drees, aliyelipokea mwaka 1969 kwa mkono wa balozi wa Marekani. Mwaka 2009 wataalamu walilichunguza wakaona ni kipande cha mti uliogeuka jiwe. Hapakuwa na haja ya darubini kubwa ili kutia shaka, maana mtu mwenye kujua desturi ya hidaya zile angaliuliza mara moja: ubao uko wapi, na bendera iko wapi, na kwa nini jiwe ni kubwa kuliko vipande walivyopewa wengine, na kwa nini apewe mtu aliyekwisha kuacha madaraka zamani? Jiwe halina kinywa. Barua iliyokuja nalo, risiti, picha ya siku ya makabidhiano, hizo ndizo zisemazo kwa niaba yake, na mhifadhi asiyezisoma kwanza huweka nyuma ya kioo ndoto ya mtu mwingine.

Wengi hudhani kwamba tarehe ya roketi ilianza na Sputnik, au zaidi sana na Wajerumani wa vita vya pili. Kwa hakika ni tarehe kongwe, nayo ilipita Mashariki kabla ya kufika Ulaya. Wachina walikuwa na mishale ya baruti zamani za kale. Na katika karne ya 13 Hasan al-Rammah wa Sham aliandika kwa Kiarabu juu ya kusafisha shura na kuchanganya baruti, na juu ya mishale ya moto ambayo yeye mwenyewe aliihusisha na China. Katika India ya kusini, Haidar Ali na mwanawe Sultani Tipu wa Mysore walitia baruti katika mirija ya chuma badala ya karatasi na mianzi, wakawatesa kwa roketi hizo Waingereza katika vita vya Pollilur mwaka 1780. Na hata ulipoanguka mji wa Srirangapatna mwaka 1799, Waingereza walichukua roketi hizo kwenda kwao, na William Congreve akaunda za kwake. Mwaka 2018 watu wa mambo ya kale wa jimbo la Karnataka walifukua kisima kilichoachwa katika ngome ya Nagara wakapata zaidi ya roketi elfu moja zilizoliwa na kutu. Fikiri mhifadhi anayepokea mzigo wa namna hiyo: kila mrija umejaa udongo na masalio ya baruti, na kila mmoja yapasa upimwe, uandikwe namba na ukaushwe polepole, ili kutu ile isiendelee kumaliza ushahidi uliobaki.

Na Brussels ina fungu lake katika sura hiyo, kwa kuwa uwanja wa Waterloo hauko mbali na mji, ni kiasi cha kilomita 15 tu upande wa kusini. Mwezi wa Juni 1815 katika jeshi la Wellington kilikuwamo kikosi cha roketi cha Kapteni Whinyates. Na Wellington, ambaye hakuwa na imani na silaha hizo, alitaka kikosi hicho kishike mizinga ya kawaida. Siku ya tarehe 17, katika kurudi nyuma kupitia Genappe, roketi zilirushwa, na afisa wa mizinga Mercer aliyeshuhudia alisimulia ya kwamba ya kwanza ilipiga shabaha, lakini zilizofuata zilikwenda kombo, na mojawapo ikageuka ikamfuata yeye mwenyewe. Frank Winter, aliyekuwa mhifadhi wa roketi katika Makumbusho ya Taifa ya Anga mjini Washington, alitoa mwaka 1990 kitabu kizima juu ya zama hizo za Congreve. Na kabla yake, mwaka 1983, kitabu kingine juu ya vyama vya vijana na wahandisi waliokusanyika Ujerumani, Urusi, Uingereza na Marekani baina ya vita viwili kuota safari za mwezi. Nalitaja jina lake kwa sababu yeye ni mfano mwema wa jinsi mhifadhi anavyokuwa mwandishi wa tarehe bila ya kuacha ghala: kitu kimoja kisichojulikana ghalani humtoa akaende kwenye maktaba, na maktaba humrudisha ghalani akakione kitu kile kwa macho mapya.

Baada ya kujua kitu ni nini, huja kazi ya kukilinda kisife, na hapa roketi zina taabu ambazo sanamu na vyungu havina. Chungu kilifinyangwa kidumu. Roketi iliundwa iishi dakika chache, na kila aliyeiunda alipunguza uzito mpaka ukingo wa hatari. Hakuna mfano ulio wazi kuliko roketi ya Atlas, na mtu wake ni mwana wa nchi hii. Karel Bossart alizaliwa Antwerp mwaka 1904, akasoma uhandisi wa migodi katika Chuo Kikuu Huria cha Brussels akahitimu mwaka 1925, kisha akapata msaada wa masomo akaenda Marekani kujifunza uhandisi wa ndege, asirudi. Katika kampuni ya Convair alifikiri jambo ambalo wenziwe waliliona karibu na wazimu: kwamba tangi la roketi lisiwe na mbavu wala nguzo, bali liwe ngozi nyembamba ya chuma cha pua iliyojazwa hewa ya kutunisha mpaka ikakakamaa, kama mpira wa miguu unavyosimama kwa pumzi yake. Husimuliwa kwamba mhandisi mmoja mwenye shaka alipewa nyundo alipige tangi, naye akapiga kwa nguvu, nyundo ikaruka nyuma na tangi lisipate hata alama. Juu ya roketi ya namna hiyo John Glenn aliizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962. Na kabla ya hapo ilikuwa imeundwa kubeba mabomu ya nyuklia kutoka bara hata bara, jambo ambalo yapasa liandikwe katika ubao ule ule unaomtaja Glenn.

Sasa tazama taabu ya mhifadhi. Roketi kama hiyo, ikipungua pumzi bila ya kushikiliwa, hujikunja kwa uzito wake na kuvunjika. Makumbusho ya Sayansi ya Ottawa, nchini Canada, yalikuwa na Atlas moja imesimama nje ya mlango kwa miaka mingi, na muda wote huo mashine ya kusukuma hewa ilikuwa ikiendelea, usiku na mchana, kiangazi na theluji, mpaka ilipoondolewa mwaka 2015. Makumbusho ikipokea kitu kama hicho haipokei chuma tu. Inapokea deni la kila siku la umeme na fundi, na mhifadhi asiyelipigia hesabu deni hilo siku ya furaha ya kupokea ataacha msiba kwa atakayemrithi.

Vitu vya anga vina maradhi mengine. Mavazi waliyovaa watu wa Apollo yalishonwa kwa tabaka nyingi za nguo, nailoni na mpira, nayo yalitakiwa yadumu miezi sita tu. Mpira ule hukauka, ukatoa mvuke mkali unaokula vyuma vya viungio, hata yalazimu mavazi yawekwe katika baridi na ukavu wa kiasi maalumu, yakiwa yamelazwa juu ya viwiliwili vilivyotengenezwa makusudi. Vazi la Neil Armstrong liliondolewa machoni pa watu kwa miaka mingi, likafanyiwa uchunguzi na tiba, halikuonyeshwa tena mpaka tarehe 16 Julai 2019, miaka 50 kamili tangu siku alipoondoka duniani kwenda mwezini. Mabomba ya vyombo vingine huwa bado yana masalio ya haidrazini, ambayo ni sumu. Na viko vifungo vidogo vya baruti vilivyokusudiwa kukata bolti angani, ambavyo miaka 40 ghalani haikuviondolea hasira. Kwa hiyo mhifadhi hutembea na mkemia mkono mmoja na mtu wa usalama mkono wa pili. Wanaojifunza tiba ya vitu vya kale katika mji wa Brussels husoma katika chuo cha La Cambre, na katika Cinquantenaire iko Taasisi ya Kifalme ya Urithi wa Sanaa, ambayo tangu kuasisiwa kwake mwaka 1948 imewaweka pamoja mpiga picha, mkemia na fundi wa kutengeneza, ili jeraha la kitu litazamwe na macho yote matatu kabla ya mkono kukigusa. Wamezoea zaidi mbao za wachoraji wa zamani, lakini adabu ile ile ndiyo itakiwayo kwa chuma: usitie jipya lisilotambulikana, usiondoe la asili usiloweza kurudisha, na uandike yote uliyoyatenda.

Nimefika mahali ambapo kazi hii huacha kuwa ya ufundi tu ikawa ya insafu. Tarehe 8 Septemba 1944, kutoka misitu ya Ardennes karibu na kijiji cha Gouvy, yaani katika ardhi ya Ubelgiji yenyewe, askari wa Kijerumani walirusha kuelekea Paris roketi ya V-2, na ikaua watu katika kitongoji cha Maisons-Alfort. Jioni ya siku hiyo nyingine ikaanguka London. Kuanzia Oktoba adui aligeuza uso wake kwenye bandari ya Antwerp, kwani ndiyo iliyokuwa mlango wa chakula na silaha za majeshi ya ukombozi, na kabla ya mwisho wa Machi 1945 Antwerp ilikuwa imerushiwa V-2 nyingi kuliko London. Alasiri ya tarehe 16 Desemba 1944 roketi moja iliangukia sinema ya Rex wakati imejaa watu, raia na askari, na pigo hilo moja likaua watu 567. Roketi hiyo ilikwenda kwa kasi kuliko sauti. Hapakuwa na king'ora wala mlio wa kutahadharisha, watu waliuawa kwanza, na waliosalimika wakausikia ujio wake baadaye.

Tena hao ni waliokufa mwisho wa safari yake tu. Mwanzo wa safari yake ulikuwa ndani ya mapango ya mlima wa Kohnstein karibu na Nordhausen, ambako wafungwa wa kambi ya Dora, Warusi, Wapoland, Wafaransa, Wabelgiji na wengineo, walilazwa katika vumbi na giza, wakafanyizwa kazi mpaka wakafa. Katika kambi ya Mittelbau-Dora na matawi yake walikufa watu wapatao 20,000, na wasomi wa tarehe hiyo wamekadiria kwamba waliokufa katika kuiunda V-2 walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa kupigwa nayo. Na aliyeiongoza kazi ya uhandisi wake, Wernher von Braun, ndiye aliyekuja kuiongoza kazi ya Saturn V iliyowafikisha watu mwezini.

Sasa wewe ni mhifadhi, na mbele yako imesimama V-2 ya mita 14, imepakwa rangi, inang'aa, na watoto wa shule wamejipanga. Utaandika nini chini yake? Makumbusho ya Washington yalipofunguliwa mwaka 1976 maandishi yake yaliisifu kama babu wa roketi kubwa zote na mlango wa zama za anga, na hayakuwa na neno juu ya wafungwa. Mwaka 1990 wahifadhi waliyabadilisha: wakaweka picha za walioteswa na za waliouawa kwa mabomu, na maelezo ya mateso ya Dora, na Michael Neufeld, aliyeingia nyumba hiyo katika miaka hiyo, alitoa mwaka 1995 kitabu kikubwa juu ya roketi na utawala wa Hitler, ambacho mtu hawezi tena kuizungumza habari hiyo bila ya kukipitia. Mimi naona kitendo kile cha 1990, ambacho hakikuongeza hata parafujo moja katika chombo chenyewe, kuwa ni miongoni mwa matendo makubwa ya kazi hii. Wako waliosema, na wangali wako wasemao, kwamba mtoto apelekwaye kutazama roketi asihuzunishwe. Lakini mtoto wa Antwerp ambaye nyanya yake alichimbuliwa katika kifusi atajifunza nini juu ya ukweli, akiona kitu kile kimesimamishwa kama bwana harusi?

Si lazima kila amana iwe chuma. Moja ya siku kubwa za tarehe ya anga ya Ulaya ilipita katika mji huu bila ya moto wala moshi: tarehe 31 Julai 1973 mawaziri wa nchi za Ulaya walikutana Brussels chini ya uongozi wa waziri wa Kibelgiji Charles Hanin, nao wakiwa na aibu ya roketi iliyoitwa Europa, iliyoanguka mara kwa mara na ambayo safari yake ya Novemba 1971 ilikuwa ya mwisho. Ufaransa ilitaka roketi mpya, Ujerumani ilitaka maabara ya kubebwa na chombo cha Wamarekani, Uingereza ilitaka setilaiti ya mawasiliano ya meli. Baada ya kushindana sana walikubaliana kila mmoja asaidie la mwenziwe. Na kutoka katika mkutano huo zilipatikana roketi ya Ariane, iliyoruka kwanza Kourou tarehe 24 Desemba 1979, na maabara ya Spacelab, ambayo vipande vyake vilibeba vyombo vya kupimia hewa alivyovisimamia Dirk Frimout, mwanasayansi aliyetumikia taasisi ya Uccle, alipokwenda angani mwezi wa Machi 1992, Mbelgiji wa kwanza kufanya hivyo. Kumbukumbu za mashirika hayo ya anga ya Ulaya ziko Florence, katika hifadhi za karatasi za Umoja wa Ulaya, na mhifadhi wa roketi asiyeweza kukaa juma zima akisoma mihutasari ya vikao hana budi kutafuta kazi nyingine.

Hata michoro ya watoto huingia katika daftari lake. Hergé, mzaliwa wa Etterbeek, alimpeleka Tintin mwezini katika vitabu viwili vya 1953 na 1954, baada ya kupata shauri la Alexandre Ananoff, mwanachuoni wa safari za anga. Na roketi yake yenye miraba myekundu na myeupe ilichukua umbo na mtindo wa rangi kutoka V-2 za majaribio. Watu wengi wa Brussels waliijua roketi ile kabla ya kuijua ya kweli yoyote.

Ama njia ya kuifikia kazi hii, haina lango moja. Wengine walikuwa wahandisi waliopenda vitabu, wengine wanafunzi wa tarehe waliopenda mitambo. Siku hizi hutakiwa shahada ya juu, lugha tatu au nne, na subira ya kuandika habari za kitu kimoja kwa mwezi mzima. Kirusi na Kijerumani hazikwepeki. Nafasi ni chache sana, na mwenye kuzitamani huanza kwa kuhesabu visanduku vya mwingine.

Natamani mmoja wao awe anajua Kiswahili. Rudi nami Heysel mwaka 1958, chini ya mipira tisa ya Atomium inayopanda mita 102. Mita chache kutoka hapo palikuwa na sehemu ya Kongo, na ndani yake kijiji cha kuigizwa ambamo wanaume, wanawake na watoto wa Kikongo waliwekwa watazamwe wakifanya kazi za mikono, na wako watazamaji waliowatupia ndizi na karanga juu ya ua, mpaka Wakongo wenyewe walipokataa wakaondoka mwezi wa Julai. Na atomi ile iliyotukuzwa juu yao, madini yake yalitoka kwao: sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, katika nchi ya Katanga ambako Kiswahili ndicho lugha ya mgodi na ya soko. Katika maonyesho ambayo Sputnik ilitazamwa kwa heshima, binadamu alitazamwa kwa dharau, na siku hiyo ni moja. Makumbusho ya Tervuren, iliyofunguliwa upya Desemba 2018 baada ya miaka mitano ya kufungwa, imejaribu kuyasema mambo ya namna hiyo. Mhifadhi wa anga naye hana haki ya kuikata picha ya Heysel ikabaki nusu inayopendeza.

Miongoni mwa Wakongo waliofika Brussels mwaka ule alikuwamo mwandishi kijana wa magazeti, Joseph-Désiré Mobutu. Mwaka 1976 yeye, akiwa rais, aliikodisha kampuni ya Kijerumani OTRAG, ya mhandisi Lutz Kayser, eneo la kilomita za mraba zipatazo 100,000 katika Shaba, ndiyo Katanga. Kayser alitaka kuunda roketi rahisi kwa kufunga pamoja mabomba mengi yaliyo sawasawa, yaliyochoma mafuta kwa asidi ya nitriki, na vali zake zikafunguliwa kwa mota za vifuta vioo vya magari. Na mwenyekiti wa halmashauri yake alikuwa Kurt Debus, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa kituo cha Kennedy. Juu ya ukingo wa bonde la mto Luvua walikata uwanja wa ndege na kujenga mahali pa kurushia. Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977, ya pili tarehe 20 Mei 1978, na ya tatu tarehe 5 Juni 1978 mbele ya Mobutu mwenyewe, ikapanda kidogo, ikapotoka, ikaanguka. Mwaka 1979, kwa mashaka ya majirani na shinikizo la mataifa makubwa, kazi ile ilikomeshwa.

Upande wa pwani yetu mambo yalikuwa na heri zaidi. Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Mwitalia Luigi Broglio alisimamisha baharini majukwaa ya San Marco na Santa Rita. Na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya mwaka wa saba wa uhuru wa Kenya, ikarushwa kutoka hapo setilaiti ya kwanza iliyoundwa kwa ajili ya kutazama nyota kwa miale ya eksirei, na Marjorie Townsend, aliyeisimamia, akaipa jina la Uhuru. Kazi za eksirei angani zilimpatia Riccardo Giacconi tuzo ya Nobel mwaka 2002. Roketi ya mwisho iliruka pale Machi 1988.

Michoro ya Ngomeni iko Italia na Marekani, na habari za OTRAG ziko katika karatasi na filamu za Ujerumani. Lakini kwenye ukingo wa Luvua walikuwapo waliochimba misingi, waliopika, waliobeba, na watoto waliokimbia waliposikia ngurumo. Na Ngomeni walikuwapo manahodha na mafundi wa Kibajuni na Kigiriama waliovusha watu na vyombo kwenda majukwaani. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi siku ile ya Juni 1978 sasa anakaribia sitini. Mhifadhi mwenye Kiswahili, akitoka Brussels au Lubumbashi, ambako makumbusho ya taifa iko tayari, angeanza na huyo: aketi naye, amwache aeleze kwa lugha yake alichokiona, kilianguka upande upi, na mabomba yaliyobaki yalifanyiwa nini na watu wa kijiji, kisha aandike jibu lake pamoja na jina, mahali na tarehe, katika daftari lile lile ambamo yameandikwa maneno ya Bossart na ya Kayser.